Viti Mia Moja vya Tecla

Uchaguzi ulipokaribia, watu wa Chepkosa hawakumngoja mtangazaji wa redio. Walimwendea Tecla.

Wengi walimwita Bot Chepngeno, yaani mama yake Chepngeno, kwa kuwa alijaliwa mtoto huyo mmoja tu, msichana. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, vidole vyake vimeiva weusi kwa utomvu wa majani chai. Marehemu mumewe, Mathew, alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali, na kila uchaguzi kazi yake ilikuwa kupakia masanduku ya kura kwenye Landrova na kuyapakua. Tarishi ni mtu ambaye wakubwa huongea mbele yake kama kwamba hayupo, kwa hiyo Mathew alisikia mengi na yote akamletea mkewe nyumbani. Walikuwa wakiyaandika majina ya majimbo kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala, mkoa baada ya mkoa, kisha wakabishana hadi chai ikapoa. Mathew alipofariki mwaka wa themanini na tisa, Tecla aliendelea kubishana na mlango.

Alikuwa na njia yake. Hakumuuliza mtu anampenda nani, kwa sababu alijua watu hudanganya kuhusu jambo hilo. Aliuliza habari za mazishi. Akimpata mchumaji aliyetoka Kisii, au Akeyo aliyeleta samaki kutoka Sondu, au Gitonga mwenye duka la misumari na mabati kule Litein ambaye kila Krismasi alikwenda kwao Nyeri, swali lake lilikuwa moja. Mbunge wenu aliposimama kuongea kwenye mazishi, watu waliacha kula au waliendelea? Wakiendelea kula, Tecla alikwenda nyumbani akamfuta mbunge huyo kwenye mlango. Mwaka wa themanini na tatu alitaja washindi watano wa sehemu yao, na wote watano wakashinda. Mwaka wa themanini na nane, watu walipoamriwa kupiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, alikataa kutabiri. Alisema hawezi kupiga hesabu mahali ambapo foleni fupi inaweza kutangazwa kuwa ndefu.

Mali aliyokuwa nayo ilikuwa chai ya ekari moja na nusu pamoja na namba ya mkulima iliyokuwa bado katika jina la Mathew. Namba ndiyo kila kitu. Bila namba karani wa kituo hapimi majani yako, na majani yasiyopimwa hata ng'ombe hawali. Kipchoge, mdogo wake Mathew, aliitamani namba hiyo tangu siku ya mazishi. Kipchoge alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo cha kununulia chai, mtu mnene, mcheshi, mwepesi wa kusalimia watoto kwa majina yao.

"Nyumba haina kijana," alisema mara nyingi, mbele ya Tecla na kwa sauti ya upole. "Hata mwanamke wa kumzalia nyumba wavulana hajamwoa, na desturi yetu inamruhusu mjane kuoa mwanamke mwenzake. Hiyo chai inamngoja nani?"

Lakini majani ya Tecla yalikuwa safi, majani mawili na chipukizi, na wazee walimheshimu marehemu. Kipchoge hakuwa na mahali pa kushika.

Mahali hapo alipapata mwezi wa Julai, mwaka wa tisini na mbili.

Alasiri hiyo lori la kiwanda lilichelewa. Wakulima arobaini na wanne walikuwa wamekaa uwanjani mbele ya kibanda cha mizani, vikapu vyao vikiwa vimepangwa, kila kimoja na namba yake ya rangi nyeupe ubavuni. Gumzo lilikuwa moja tu. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, uchaguzi wa Bunge ulikuwa unakuja, na hakuna aliyejua chama kipi kitashika Bunge. Kipchoge alichukua fimbo akachora mistari miwili kwenye udongo mwekundu wa murami.

"Tucheze kidogo, lori litupate tunacheka," alisema. "Hapa ni jogoo. Hapa ni upinzani. Hii si kura, sawa? Hakuna mtu anauliza unapenda nani. Weka kikapu nyuma ya chama kile unaona kitachukua viti vingi Nairobi. Ni kubahatisha tu."

Watu walicheka, wakabeba vikapu vyao, wakavipanga nyuma ya mstari wa jogoo, alama ya chama tawala. Vilifika hadi kwenye ua. Tecla peke yake alibaki amesimama, mkono juu ya kikapu.

"Shemeji, tunakungoja wewe," Kipchoge alisema. "Profesa wetu. Ama leo mlango wa ghala haujasema?"

"Umesema," Tecla alijibu.

Caren, jirani yake wa upande wa mtoni, ambaye walichuma pamoja tangu waolewe, alimvuta nyuma ya sweta. "Weka hapa karibu na changu, tuende nyumbani," alinong'ona.

"Umeuliza nani atashinda ama umeuliza nani nampenda?" Tecla alimuuliza Kipchoge.

"Nani atashinda."

Tecla alikuwa amepiga hesabu mara tatu. Wakati huo Ford, chama kikuu cha upinzani, ilikuwa bado chungu kimoja, na kila alikouliza, huko Magharibi, Nyanza, Kati na Nairobi, watu walikuwa wakila huku wabunge wa zamani wakiongea. Huku kwao jogoo angeshinda viti vyote, hilo halikuwa na ubishi, na yeye mwenyewe angempigia jogoo kura kama kila mtu. Lakini viti vya huku havikutosha. Alijua ni busara kuweka kikapu karibu na cha Caren. Alijua pia kwamba watu arobaini na watatu wanamtazama yeye, mwanamke wa tarishi, na kwamba wanataka kujua. Jambo hilo lilimlewesha kidogo. Alibeba kikapu chake akakiweka nyuma ya mstari wa upinzani, peke yake.

Hakuna aliyecheka. Miaka minne kabla, kwenye uwanja huo huo, watu hao hao walikuwa wamepanga foleni, na katika foleni mtu akisimama mahali amesimama. Huwezi kusimama nyuma ya mtu eti unabahatisha. Kichwani walikuwa wamesikia maneno ya Kipchoge, lakini macho yao yaliona kikapu kimoja upande mmoja na vikapu arobaini na vitatu upande wa pili.

"Haya," Kipchoge alisema taratibu. "Tumeona."

Kesho yake Onsongo, karani wa mizani, alimwaga kikapu chote cha Tecla juu ya meza na kuanza kuchambua jani moja moja. Onsongo alikuwa Mkisii mpole aliyepanga chumba katika ploti ya Kipchoge.

"Mama, hapa kuna jani la tatu," alisema bila kumtazama.

"Ni moja, Onsongo. Kwa kikapu kizima."

"Nimeambiwa nikiona moja nikatae."

Alikataa siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Tecla alibeba majani kurudi nyumbani, yakawa yanachemka ndani ya gunia na kugeuka rangi ya kahawia, akayamwaga kwenye shimo la samadi. Alijaribu kuchuma kidogo, chipukizi teketeke kama za kuonyeshea wageni. Onsongo alisema zina maji. Alizifuta kwa leso. Onsongo alisema zimenyauka. Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walijifunza kucheka kabla karani hajafungua mdomo.

"Peleka kwa upinzani wakapime," mmoja alimwambia.

"Wanapima kwa kikombe," mwingine akaongeza.

Watoto walimpa jina, Mama Ford, na Chepngeno alirudi kutoka shuleni siku moja amechanika kola kwa ajili ya jina hilo. Tecla alimshonea kola, hakumuuliza kitu. Caren aliacha kupitia kwake asubuhi. Walipokutana mtoni, Caren alijaza mtungi wake nusu akaondoka.

Mwezi wa Oktoba kamati ilitoa kanuni mpya, kwamba namba isiyoleta majani kwa miezi mitatu itapewa mtu mwingine wa ukoo anayeweza kuitunza chai. Barua ililetwa na Kipchoge mwenyewe. Alikaa, akanywa chai, akasifu maziwa.

"Shemeji, mimi si mbaya," alisema. "Mimi nasikiliza watu tu. Watu wanasema mti wa chai wa adui haufai kukaa kati yetu."

"Adui ni nani?"

"Mimi nimesema watu wanasema."

Tecla alipeleka malalamiko yake kwenye kokwet, baraza la wazee wa kijiji, lililokutana Jumamosi nyuma ya kanisa. Alikuwa na neno la kuwaambia, na alidhani litamwokoa. Ford ilikuwa imepasuka. Wapinzani walikuwa sasa vyama vitatu vikubwa, vikigombania kura zile zile, na kila walipogawana jimbo, jogoo alipita katikati. Alikuwa amefuta mlango wote na kuuandika upya.

"Wazee wangu," alisema, "Julai nilisema nilichoona Julai. Mambo yamegeuka. Sasa nasema chama tawala kitashika Bunge."

Wazee waliitikia kwa vichwa, wengine walitabasamu. Mzee mmoja aliyekuwa kipofu wa jicho moja alisogeza kiti mbele. Ilionekana wazi kwamba walikuwa wamengoja jambo hilo, na kwamba limewatuliza.

Kipchoge alicheka. "Amehamisha kikapu. Wazee, namba ikiisha mtu yeyote anakuwa jogoo."

"Sijahamisha kwa sababu ya namba. Ni hesabu."

"Hesabu," Kipchoge alisema. "Basi tupatie hesabu. Kusema jogoo atashinda, hata kuku wangu wanasema. Sema viti vingapi. Ukipata, namba ni yako, naandikisha jina lako mimi mwenyewe na sitarudi tena kwa mlango wako. Ukikosa, unanipatia namba kwa mkono wako, bila maneno."

Caren alikuwa kwenye benchi la wanawake, na kwa mara ya kwanza tangu Julai alimtazama Tecla usoni na kutikisa kichwa, taratibu, asionekane.

Tecla angeweza kusema zaidi ya nusu. Angeweza kusema kati ya tisini na mia na ishirini, na wazee wangekubali, maana hakuna hata mmoja wao aliyejua Bunge lina viti vingapi. Lakini aliona wanavyomtazama. Miezi mitatu walikuwa wamemtazama kama samadi, na sasa walikuwa wanamtazama tena kama zamani, kama mtu anayejua.

"Viti vyote vya uchaguzi ni mia moja themanini na nane," alisema. "Jogoo atachukua mia moja. Si tisini na tisa, na si mia moja na moja."

Mzee wa jicho moja aliguna kwa raha. Kipchoge alimtuma mtu amwite Onsongo aje na karatasi. Onsongo aliandika aliyoambiwa na Kipchoge, kwa mwandiko mzuri, kwamba Tecla mjane wa Mathew amesema viti vya chama tawala katika Bunge vitakuwa mia moja, na asipopata atahamisha namba. Tecla alisoma, akatia sahihi. Caren alitia sahihi kama shahidi, kwa sababu wazee walitaka mwanamke mmoja.

Kwa miezi miwili majani ya Tecla yalipimwa. Onsongo hakuyamwaga tena mezani.

Katika jimbo lao mgombea wa jogoo alipita bila kupingwa, kwa hiyo siku ya uchaguzi kura zao za Bunge hazikuhitajika. Walimpigia rais kura, wakarudi nyumbani kusikiliza Bunge likichaguliwa na watu wengine. Kituo cha kununulia chai kilifungwa kwa siku mbili, lakini watu walikuja hata hivyo, kwa kuwa Onsongo alikuwa na redio yenye betri mpya. Tecla alikaa juu ya jiwe akiwa na daftari la Chepngeno. Kila jimbo lilipotangazwa aliweka alama. Kwanza watu walijifanya hawamwangalii. Kufikia siku ya tatu walikuwa wamemzunguka.

"Hilo nalo?" waliuliza.

"Hilo nililiandika," Tecla alijibu. "Linalofuata ni la upinzani."

Likafuata, likawa la upinzani. Kuna majimbo mawili aliyokosea upande wa jogoo, na mawili aliyokosea upande wa pili, yakafutana. Tisini na sita. Tisini na nane. Mchana mmoja wa jua kali, mwanzoni mwa Januari, mtangazaji alisoma jumla ya chama tawala. Ilikuwa mia moja.

Kisha mzee wa jicho moja alimshika Tecla kichwani kwa mikono miwili, kama anavyobarikiwa mtoto. Wanawake walimpigia vigelegele. Caren alilia na kumkumbatia na kumwambia maneno mengi asiyoyasikia. Kipchoge mwenyewe alitoka ndani ya kibanda, akampa mkono mbele ya watu.

"Shemeji, wewe si mtu wa mchezo," alisema. "Jina nitaandikisha wakirudi kazini."

Wiki zile zilikuwa nzuri kuliko zote alizokuwa nazo tangu mumewe afe. Caren alipitia tena asubuhi. Watu walimletea mtindi katika vibuyu, wakamuuliza bei ya mahindi itakuwaje, kama mvua itawahi, kama mwana atapata kazi. Alicheka, akasema yeye anajua mazishi tu. Alinunua kopo dogo la rangi nyeupe, akaipaka upya namba kwenye kikapu chake.

Kipchoge hakuandikisha jina. Kila alipoulizwa alisema ofisi bado imefungwa.

Kisha redio ikatangaza wabunge wa kuteuliwa. Kwa sheria ya wakati huo rais aliteua watu kumi na wawili, nao wakaingia Bungeni bila kupigiwa kura na mtu. Wote kumi na wawili walikuwa wa chama tawala. Jumamosi iliyofuata Kipchoge aliitisha kokwet.

Tecla alikwenda akiwa amevaa nguo ya kanisani, akifikiri ni habari ya kuandikishwa jina.

"Onsongo, soma," Kipchoge alisema.

Onsongo alisoma. Alipofika kwenye maneno "katika Bunge", Kipchoge aliinua kidole.

"Rudia hapo."

Onsongo alirudia.

"Sasa wazee, mimi sikusoma sana," Kipchoge alisema. "Nataka mnifundishe. Bungeni kule Nairobi, watu wa jogoo waliokaa kwenye viti ni wangapi leo? Mia moja? Ama mia moja na kumi na mbili?"

"Hao hawakuchaguliwa," Tecla alisema. "Nilisema uchaguzi. Kila mtu alisikia nilisema uchaguzi."

"Wamekaa kwa viti ama wamekaa kwa sakafu?"

Watu walicheka. Ilikuwa ni mzaha mzuri, na kicheko kilipoanza hakikuwa rahisi kukirudisha. Tecla aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa ni wale wale waliompigia vigelegele, nao walijua vizuri alichokuwa amesema. Lakini kila mtu pale alijua pia mizani ya nani hukataa majani ya nani.

"Shahidi yupo," Kipchoge alisema. "Caren. Alisema nini, uchaguzi ama Bunge?"

Caren alisimama. Alikuwa ameshika kikapu chake kwa mikono miwili, kilichojaa majani ya asubuhi, maana angepitia kituoni akitoka hapo.

"Caren," Tecla alimwita kwa upole. "Sema tu ulichosikia."

"Alisema Bunge," Caren alisema.

Aliketi. Hakulia. Baadaye alipopita kituoni majani yake yalipimwa haraka, na inasemekana Onsongo alimwongezea nusu kilo.

Karatasi za kuhamisha namba zilikuwa tayari mezani, zimejazwa tangu mapema. Tecla alikaribia meza. Alitaka kusema jambo juu ya Mathew, na juu ya Chepngeno aliyekuwa akingoja nje ya ua akiwa na sare ya shule, lakini kila alilotafuta lilikuwa limeshasemwa au lingechekwa. Kipchoge alimpa kalamu. Alimwambia kwa upole kwamba hatamtupa, kwamba chai itahitaji mchumaji anayeijua, na kwamba anaweza kuanza Jumatatu na wenzake wa kibarua.

"Ngoja kwanza," alisema mzee wa jicho moja.

Tecla aliinua uso. Mzee alisogeza kiti chake hadi magoti yake yakagusa meza, akainama mbele kama mtu anayeuliza daktari.

"Bot Chepngeno, nisaidie. Mwanangu anataka kukopa ajenge. Hii Bunge itakaa miaka mitano ama itavunjika katikati?"

Hakuwa na kejeli. Alikuwa anataka kujua, na nyuma yake wengine nao walikuwa wamenyoosha shingo, hata Onsongo, hata Kipchoge.

Tecla alifikiri. Alifikiri kweli, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kujibu. Alipitia mikoa kichwani, na wapinzani walivyokuwa wakichukiana wao kwa wao zaidi ya walivyomchukia jogoo.

"Itakaa mitano," alisema. "Hakuna wa kuivunja."

"Asante, mama," mzee alisema, naye aliridhika.

Tecla aliweka kalamu kwenye karatasi.

"Kandamiza kidogo, shemeji," Kipchoge alimwambia. "Chini kuna kaboni."